Ndege Zilizopita Juu ya Milima ya Upare

Mtu wa Same anayetaka kuiona kwa macho yake ndege ya aina iliyorushwa ng'ambo ya milima yetu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia hana budi kusafiri mbali. Mojawapo iko Hendon, kaskazini mwa London, katika Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza, yaliyofunguliwa mwaka 1972 kwenye eneo la uwanja wa zamani wa ndege. Unashuka treni kituo cha Colindale, unatembea kidogo, unaingia bila kulipa kiingilio. Ndege za vita ile zimewekwa ndani ya karakana ya Grahame-White, jengo lililokuwa kiwanda cha ndege katika miaka hiyohiyo ya vita. Humo ndimo ilimo Caudron G.III.

Ukifika, usiipite haraka. Mbele ina kibanda kifupi cha mbao alimokaa rubani, kifua na kichwa vikiwa nje. Nyuma ya kibanda hakuna mwili wowote. Kuna fito na waya tu mpaka mkiani. Mabawa ni mbao nyepesi iliyovikwa kitambaa cha kitani, kikapakwa dawa ya kukikaza. Rubani aliigeuza ndege kwa waya zilizopinda ncha za mabawa. Injini ya kawaida ya aina hii ilikuwa na nguvu za farasi 80, nayo ilizunguka yenyewe, silinda zote pamoja na propela, ikilainishwa kwa mafuta ya nyonyo, yanayokamuliwa kwenye mbegu za mbarika. Mmea huo tunao huku, unajiotea kandokando ya njia. Kasi yake haikuzidi sana kilomita 100 kwa saa.

Makumbusho ya ndege za kivita, kwa jinsi ninavyoyafahamu, hupenda kusimulia habari za watu wawili: aliyeiunda ndege na aliyeirusha. Hilo silikatai. Ndugu wawili, Gaston na René Caudron, walifanya kazi ya ajabu, na kijana aliyekubali kukaa ndani ya fito zile mita 2,000 juu ya nyika alikuwa na moyo. Lakini ndege ina upande wa chini pia. Kuna nchi iliyopigwa picha, reli iliyopelelezwa, watu waliofyeka uwanja ili ipate kutua, na watu waliobeba petroli yake. Upande huo, kwa vita vya Afrika Mashariki, ni wetu, na sisi ndio wenye wajibu wa kuueleza.

Kisa chenyewe kinaanzia mbali na Same, baharini. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar na kuizamisha, kisha ikarudi kujificha ndani ya delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko. Waingereza walijua imo humo, wasijue imo mfereji gani. Wakamkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekuwa Durban akirusha ndege ya majini ya Curtiss kwa maonyesho. Mwezi Novemba 1914 Cutler akaiona meli kutoka angani. Muda si mrefu injini ilimharibikia, akatua mtoni, akatekwa.

Ndege zilizoletwa baada yake zilishindwa na hali ya hewa yetu kabla hazijashindwa na risasi. Ndege za majini za Sopwith zilikataa kupanda kwenye hewa ya joto, boya zao zikaachana kwenye maungio, gundi ikalainika. Mwishowe zilipelekwa ndege za kutua nchi kavu, Caudron na Henri Farman, zikawekwa kisiwani Mafia, kilichokuwa kimetekwa Januari 1915. Tarehe 11 Julai 1915 meli mbili za mizinga, Severn na Mersey, ziliingia mtoni. Mabaharia hawakuweza kuiona Königsberg. Walipiga juu ya miti kwa kufuata maneno yaliyotoka angani. Rubani alikuwa John Cull, na mwangalizi wake, Harwood Arnold, alituma kwa simu ya upepo masahihisho ya kila kombora: fupisha, ongeza, kushoto, kulia. Ndege ikapigwa, injini ikafa. Wakati wanashuka kuelekea mtoni Arnold aliendelea kutuma masahihisho. Wote wawili waliokolewa majini, na Königsberg ikawa imekwisha.

Kwa nini nimelisimulia hili katika sura inayohusu Same? Kwa sababu meli ilikufa lakini mizinga yake haikufa. Wajerumani waliitoa mizinga yote kumi, yenye mdomo wa milimita 105, wakaipeleka Dar es Salaam ikatengenezwe, kisha wakaisambaza kwenye medani za nchi kavu. Mmoja wao ulipelekwa Kahe, kwenye reli ya Usambara, ukawapiga Waingereza mwezi Machi 1916 mpaka Wajerumani wenyewe walipoulipua wakirudi nyuma. Reli iliyofika Kahe ilikuwa moja tu, ile ya kutoka Tanga. Ilipita Mombo, ikapita Bwiko, ikapita Same. Mzinga wa meli iliyofichuliwa na ndege kule Rufiji ulipita hapa stesheni, na wazee wa wakati huo lazima waliuona, kwa kuwa mzinga wa manowari hauwezi kufichwa kwenye behewa.

Baada ya Rufiji, kikosi cha Cull kilihamishiwa Maktau, upande wa Kenya, na Caudron zake. Mapema mwaka 1916 kikaja kikosi kingine, cha 26, cha jeshi la anga la Uingereza la wakati huo. Kilikuwa kimeundwa Oktoba 1915, wengi wao wakiwa Waafrika Kusini waliokwisha kurusha ndege dhidi ya Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Namibia. Kiliteremka Mombasa mwishoni mwa Januari, kikapanda treni hadi Voi, kikafuata reli mpya ya vita hadi Mbuyuni, katikati ya Maktau na Taveta. Kilikuja na ndege za B.E.2c na baadaye Henri Farman. Kutoka Mbuyuni mpaka Same kwa mstari wa angani hakufiki kilomita 100. Kwa B.E.2c hiyo ni safari isiyozidi saa moja, na ndege hiyo iliweza kukaa hewani kiasi cha saa tatu.

Hapa ndipo milima yetu inapoingia katika historia ya urukaji. B.E.2c ilibuniwa kwa anga la Uingereza, lenye ubaridi. Katika anga hilo ilihitaji zaidi ya nusu saa kupanda mita 3,000, na hapo ilikuwa karibu na mwisho wa uwezo wake. Sasa ichukue uipeleke kwenye hewa ya nyika yetu, hewa ya moto na nyepesi, ambamo injini inakosa pumzi na mabawa yanakosa cha kushika. Kilele chetu cha Shengena kina mita 2,462. Rubani aliyetoka Mbuyuni alikuta ukuta huo mbele yake. Jua likishapanda, hewa inapaa kwa nguvu kutoka uwanda wa Mkomazi na kujipindua kwenye mabega ya milima. Kila mtu aliyeishi Same anaujua upepo wetu, unaoinamisha miti na kuwarushia watu vumbi machoni mchana kutwa. Kwa hiyo marubani walipenda alfajiri, kabla ardhi haijapata joto.

Walikuwa wanatafuta nini? Reli. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, nayo ilikuwa mshipa wa damu wa jeshi la kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, upande huu. Kwa mtu aliyesimama Mbuyuni, safu ya Upare yote inaziba njia hiyo. Reli iko nyuma yake, upande wa machweo. Hakuna askari wa miguu aliyeweza kuona treni ngapi zimepanda kwenda Kahe na ngapi zimeshuka. Ndege iliweza kuona moshi wa garimoshi, mabehewa yaliyosimama stesheni, daraja zima au lililobomolewa. Ramani za Waingereza za nchi hii zilikuwa mbaya sana, hivyo waangalizi walichora walichokiona na kupiga picha. Mmoja wa waangalizi wa kikosi cha 26, Leo Walmsley, baadaye alikuwa mwandishi wa riwaya kwao Uingereza, na mwaka 1920 alichapisha kitabu kuhusu kuruka kwake Afrika Mashariki.

Mapema mwaka 1916 mambo yalikwenda mbio. Februari 12 askari wa Afrika Kusini walikimbizwa kwenye kilima cha Salaita. Machi 11 na 12 yakawa mapigano ya Latema na Reata, karibu na Taveta. Machi 21 Kahe ikaanguka. Masika yakawafungia wote ndani ya mahema. Mvua ilipopungua, nusu ya pili ya Mei, Jenerali Jan Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, akateremka kusini kwa safu tatu: moja kando ya mto Pangani, moja kwa reli, na ndogo iliyotoka Mbuyuni kupitia mwanya wa Ngulu katikati ya milima. Safu ya reli iliingia Same mwishoni mwa Mei. Kutoka hapa ikapenya baina ya milima na kushukia bonde la Mkomazi, upande ambao leo basi la Gonja linapita Kisiwani. Mei 31 Waingereza walikuwa Bwiko. Katika siku chache Upare yote ilibadilisha mtawala.

Je, ndege zilichangia kiasi gani? Kwa maoni yangu, kidogo kuliko zinavyosifiwa. Marubani na waangalizi walisaidia kuchora nchi, walipeleka habari kwa kuangusha vifuko vyenye utepe mrefu karibu na makao ya majenerali, waliangusha mabomu madogo ya kilo tisa yaliyotisha kuliko kuua. Lakini kazi kubwa ya ndege ilikuwa kumwona adui, na adui alikuwa ameshajifunza asionekane. Askari wa Lettow-Vorbeck walitembea usiku. Mchana wakisikia mngurumo waliingia chini ya migunga na kutulia. Nyika yetu, ambayo kwa mpita njia ni vichaka vikavu visivyo na maana, ilimeza makampuni mazima ya askari mchana kweupe. Smuts alitegemea kumzunguka Lettow-Vorbeck na kumfunga mahali; aliteka reli, miji na mashamba, lakini jeshi lile hakulinasa. Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Basi tuje kwa waliokuwa chini, maana hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami.

Kiwanja cha ndege cha 1916 kilitengenezwa kwa panga, jembe na mikono. Miti ilikatwa, visiki vikang'olewa, vichuguu vya mchwa vikabomolewa na kusawazishwa, kwa kuwa gurudumu moja likigonga kichuguu, ndege na waliomo hawana chao. Jeshi likisonga mbele, kiwanja kilichofyekwa jana kinaachwa na kingine kinafyekwa. Wenye mapanga hawakuwa marubani.

Petroli ilisafirishwa kwa madebe ya galoni nne, lita 18 kila moja. Reli ilipoishia, au daraja lilipobomolewa, debe lilipanda kichwani kwa mtu. Kadhalika mafuta ya nyonyo, mabomu, unga, mahema ya turubai ya kuhifadhia ndege na propela za akiba. Kila saa ya ndege hewani ilikuwa na mstari wa watu nyuma yake wanaotembea juani. Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa na askari, lakini viliendeshwa na wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake vifo vilivyoandikwa rasmi vya wapagazi vinazidi 40,000, wengi kwa kuhara, malaria, kichomi na njaa, na hao ni walioandikwa tu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni mahali walipokusanywa. Vijana wa Upare, kama wa wilaya nyingine zote zilizopitiwa na majeshi, walichukuliwa kubeba mizigo, kwanza na Wajerumani, kisha na Waingereza.

Hendon nimeona waya za Caudron zimekazwa vizuri, kitambaa kimetunzwa, mbao zimeng'arishwa. Sikuona debe. Wangeweka debe moja la petroli pembeni ya ile ndege, lenye alama ya kichwa kilicholibeba, mgeni angeelewa vita vya Afrika Mashariki kuliko kwa kusoma kuta nzima za maelezo. Nasema haya bila chuki na wale wanaotunza jumba lile. Wametunza kilicho chao kwa uangalifu ambao sisi hatujauonyesha kwa kilicho chetu.

Na chetu kipo. Nchini kimetawanyika mno. Kigoma, katikati ya mwaka 1916, ndege za majini za Wabelgiji ziliishambulia kwa mabomu meli Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai mwaka huo, ikaja kuopolewa, na tangu 1927 imeitwa Liemba. Mwanza, Machi 1979, katika vita ya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22 iliyotumwa kuupiga mji ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyamapori. Mtalii anayekwenda Saanane leo kutazama pimbi na swala yuko mahali pa historia ya anga.

Kwa mkazi wa Same, ziara ya karibu inayofaa kuliko zote ni ya kuvuka mpaka. Panda gari hadi Himo, pinda Holili, vuka Taveta. Mjini Taveta kuna makaburi ya kijeshi yaliyotunzwa vizuri. Mbele kidogo ni Salaita, kilima kidogo ambacho usingekitazama mara mbili, na mabaki ya mahandaki bado yanaonekana kwa anayepanda. Halafu Mbuyuni. Hutakuta ndege; utakuta tambarare, vumbi, na safu ya Upare imejipanga kusini. Simama hapo asubuhi mapema uitazame hiyo safu, utaelewa kwa nini waliitaka ndege. Maktau kuna makaburi ya askari wa Kihindi waliokufa mbali na kwao. Barabarani watakuonyesha mbuyu mkubwa wenye matundu ya risasi na kukusimulia habari za mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani akidungua askari. Isikilize kama hadithi, kwani ushahidi wake ni hafifu. Hoteli ya Taita Hills ina maonyesho ya vita hivyo, yenye picha na vitu vilivyookotwa uwanjani. Ukiwa na siku zaidi shuka hadi Mombasa, Fort Jesus, ukaone mzinga wa Königsberg umewekwa karibu na mzinga wa Pegasus, mshindi na mshindwa pamoja. Mzinga wa Kahe ulikuwa ndugu wa huo.

Nenda na mtoto wa sekondari. Mpe kazi moja tu: kila mahali mnapofika, aulize nani alifyeka hapa na nani alibeba. Wenyeji wa Taita na Taveta wanajua kujibu, kwani babu zao walikuwemo.

Same yenyewe haijawa na chumba hata kimoja cha kumbukumbu hii, wakati ina jengo la stesheni lililo kwenye reli ileile iliyopelelezwa. Treni ya abiria ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya ukimya, ikaendelea hadi Arusha mwaka 2020. Abiria wanashuka hapa, wananunua tangawizi ya Mamba Myamba na ndizi, wanaendelea, bila kuambiwa chochote. Chumba kimoja kingetosha: taruma la chuma la reli ya Wajerumani, debe la galoni nne, jembe na panga, ramani ya njia ya Mbuyuni hadi Bwiko, nakala za picha za vita zilizomo katika hifadhi za London, na mchoro wa ukubwa halisi wa bawa la B.E.2c ukutani ili mtoto apime kwa mikono yake. Juu ya hayo, ukuta wa majina. Majina ya marubani yameshaandikwa kwao. Hapa yaandikwe ya Vudee, Suji, Mbaga, Chome, Gonja, Hedaru na Usangi.

Waliowaona wapagazi wakiondoka wameshazikwa. Wajukuu waliosimuliwa na wapagazi wenyewe bado wapo, wengine wamevuka miaka 80, na kila kiangazi wanapungua. Naiomba halmashauri ya wilaya na shirika la reli wazungumze kuhusu hicho chumba. Nawaomba walimu wa historia wa Same wawape wanafunzi kazi ya likizo ya kuandika simulizi za ukoo kuhusu vita ya Wajerumani. Nawe msomaji, kama kwenu kuna babu aliyechukuliwa kubeba mizigo, akarudi au asirudi, keti na mzee aliyebaki juma hili, uandike jina lake, kijiji chake, alichokibeba na alikofika, kisha peleka nakala shule iliyo jirani nawe.